Hisabati Katika Mwambao wa Muhuta

Utafiti wa hisabati hutafuta mahusiano ya lazima baina ya idadi, maumbo na mabadiliko, kisha huyathibitisha kwa hoja mpaka shaka ikose pa kukaa. Zao lake halishikiki mkononi, na ndiyo maana kila kizazi huuliza lina faida gani. Majibu ya jumla hayamtoshelezi muulizaji. Kinachotosheleza ni kuchukua mahali pamoja na kuangalia jinsi hoja hizo zinavyopita humo, kutoka kwa mvuvi hadi kwa mwalimu, kutoka kwa mwanafizikia hadi kwa mpiga ngoma.

Mwambao wa Burundi kwenye Ziwa Tanganyika unafaa kwa kazi hiyo. Muhuta, tarafa iliyoingizwa katika mkoa mpya wa Rumonge mwaka 2015, imebanwa kati ya miteremko mikali ya Mumirwa na maji. Barabara ya taifa namba 3, inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge na Nyanza-Lac, hupita kwenye ukanda mwembamba baina ya vitu hivyo viwili. Upande mmoja ni mlima unaoweza kuporomoka, upande wa pili ni ziwa lenye urefu wa kilomita 650 hivi, wastani wa upana wa kilomita 50 na kina kinachofikia mita 1,470. Usiku taa za wavuvi wa ndagala hujipanga majini. Kila kimoja cha vitu hivyo kimekwisha kuwa swali la hisabati, na baadhi ya maswali hayo bado hayajafungwa.

Swali la kwanza liko chini ya maji. Tabaka la juu la ziwa lina joto la nyuzi 27 hivi. Ukishuka mita 50 au zaidi, joto hupungua hadi karibu nyuzi 24, na maji baridi, kwa kuwa ni mazito kidogo, hukaa chini bila kuchanganyika na ya juu. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya joto kuelekea kaskazini, upande wa Burundi. Mpaka kati ya tabaka mbili hulala mshazari: huku kaskazini huzama, kule Mpulungu, Zambia, hupanda. Upepo unapolegea, mpaka huo hauishii kurudi mahali pake. Hupitiliza, hurudi tena, na kuyumba kama maji ya karai lililoinuliwa upande mmoja kisha likawekwa chini.

Muda wa myumbo mmoja unaweza kukadiriwa kwa kalamu na karatasi. Mwaka 1828 Johann Rudolf Merian wa Basel, Uswisi, alionyesha kuwa maji yaliyofungwa katika chombo kirefu huyumba kwa kipindi kinacholingana na mara mbili ya urefu wa chombo, kugawanywa kwa mwendo wa wimbi. Kwa wimbi la juu ya maji, mwendo huo ni kipeuo cha pili cha zao la mchapuko wa mvutano wa dunia na kina. Ziwa Tanganyika lina wastani wa kina cha mita 570. Kipeuo cha pili cha 9.8 mara 570 ni karibu 75, maana yake wimbi huenda mita 75 kwa sekunde, na myumbo mzima wa uso wa ziwa huchukua chini kidogo ya saa tano.

Wimbi la ndani hufuata kanuni ile ile, ila mvutano unaolirudisha ni hafifu mno, kwa sababu maji mazito kidogo yanasukumana na maji mepesi kidogo. Mita moja ya ujazo ya maji ya nyuzi 27 ina uzito wa takriban kilo 996.5, ya nyuzi 24 ina kilo 997.3. Tofauti haifiki kilo moja. Mvutano halisi kati ya matabaka hushuka kutoka 9.8 hadi chini ya 0.008. Ukizidisha kwa kina cha mita 50 na kutafuta kipeuo cha pili, mwendo hutoka mita 0.62 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Kwenda na kurudi urefu wote wa ziwa kwa mwendo huo huchukua siku 24 hivi. Vipimo vilivyofanywa ziwani katika miaka ya 1990, wakati mradi wa utafiti wa Ziwa Tanganyika chini ya FAO ulipoweka vituo Bujumbura, Kigoma na Mpulungu, vilionyesha myumbo wa wiki tatu hadi tano. Baadaye Jaya Naithani, Eric Deleersnijder na wenzao katika Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, waliandika milinganyo iliyouiga kwa undani zaidi, wakiingiza upepo halisi na mzunguko wa dunia.

Ni jambo la kustaajabisha, na linastahili kusemwa waziwazi, kwamba kanuni iliyochapishwa kabla ya Mzungu yeyote kulifikia ziwa hili inakaribia jibu namna hiyo. Merian hakuandika juu ya Tanganyika. Aliandika juu ya sura ya mlinganyo, na mlinganyo hauulizi maji ni ya wapi.

Myumbo huo una maana kwa chakula. Upande wa kaskazini oksijeni huisha kwenye kina cha mita 100 hivi, na virutubisho vilivyozama hukaa huko chini. Mpaka wa matabaka unapopanda, sehemu ya virutubisho hivyo hufika kwenye mwanga, mimea midogo ya majini hustawi, na viumbe vidogo vinavyoliwa na ndagala huongezeka. Kwa hiyo mvuno unatarajiwa kupanda na kushuka kufuata saa ya ziwa. Lakini kuna saa ya pili. Ndagala huvuliwa kwa taa, na taa hushindwa na mwezi mpevu; siku za mbalamwezi kali mitumbwi mingi hukaa nchi kavu. Mwezi hurudi kila baada ya siku 29.5. Saa mbili zenye vipindi vinavyokaribiana zinapopiga pamoja, rekodi ya mvuno huonyesha mchanganyiko ambao jicho haliwezi kuutenganisha.

Chombo cha kuutenganisha kilitengenezwa na Joseph Fourier, Mfaransa aliyechapisha nadharia yake ya joto mwaka 1822. Alionyesha kuwa mkondo wowote wa mabadiliko, hata uwe umevurugika vipi, unaweza kuandikwa kuwa jumla ya mawimbi sahili. Mbinu hiyo ina sharti moja gumu. Ili kutofautisha vipindi viwili, rekodi lazima iwe ndefu kiasi cha kuviacha vipishane mara moja kamili. Kwa siku 25 na siku 29.5, hesabu ni 25 mara 29.5, kugawanywa kwa tofauti yao 4.5: siku 164. Mradi unaokusanya takwimu kwa miezi mitatu kisha ukafunga daftari hauwezi kwa mbinu hiyo kutofautisha athari ya mwezi na athari ya wimbi, hata ukiwa na kompyuta bora kuliko zote. Rekodi ya siku 164 yenyewe ni kiwango cha chini, kwa sababu wimbi hubadilika kila msimu na taarifa za mialoni huwa na siku zilizorukwa. Hapa hisabati haitoi jibu la swali la uvuvi. Inaeleza ni lini jibu linawezekana. Faida ya aina hiyo husahauliwa mara nyingi, ingawa fedha nyingi za utafiti zingeokolewa kama ingezingatiwa kabla ya kununua vifaa.

Kuhesabu, pengine hata kuhesabu mwezi, si jambo geni katika ukanda huu. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo wenye alama za kukata huko Ishango, mahali Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, mashariki mwa Kongo. Watu waliouacha walikuwa wavuvi wa chusa, na umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Alama zimepangwa katika safu tatu. Moja ina makundi ya 11, 13, 17 na 19, nyingine 11, 21, 19 na 9. Kila moja ya safu hizo mbili hujumlisha 60. Ya tatu hujumlisha 48. Kwa kuwa 11, 13, 17 na 19 ni namba tasa, wapo waliosema Waafrika wa kale walizijua namba hizo. Alexander Marshack aliona kalenda ya mwezi. Dai la namba tasa halina mashiko: mtu hawezi kuzitambua kabla ya kuwa na dhana ya kugawanya, na mfupa mmoja hautoshi kuithibitisha. Heshima ya Ishango haihitaji kutiwa chumvi. Inatosha kwamba wavuvi wa Maziwa Makuu waliweka kumbukumbu ya idadi kwa mpangilio maelfu ya miaka kabla ya maandishi yoyote yanayojulikana.

Kutoka kwenye saa za ziwa, swali la kawaida linalofuata ni wingi wa samaki wenyewe. Burundi huvua hasa aina mbili za dagaa, zinazoitwa ndagala, na mukeke, ambaye Kigoma humwita migebuka. Mukeke hula ndagala. Mwaka 1926 Vito Volterra, mwanahisabati wa Roma, aliulizwa na mkwewe, mwanabiolojia Umberto D'Ancona, kwa nini masoko ya samaki ya Bahari ya Adriatiki yalionyesha samaki wawindaji kuongezeka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, uvuvi ulipopungua. Volterra aliandika milinganyo miwili, mmoja wa windo na mmoja wa mwindaji, sawa na ile aliyokwisha kuichapisha Alfred Lotka huko Marekani mwaka 1925. Milinganyo hiyo ilionyesha jambo lisilotarajiwa: uvuvi unaowagusa wote wawili humpunguza mwindaji na kumwongeza windo. Uvuvi ukisimama, anayenufaika zaidi ni mwindaji.

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatana na makubaliano ya nchi zinazolimiliki, ili samaki wazaliane. Hoja ya Volterra haisemi kwamba kufunga ni kosa. Inasema matokeo yapimwe kwa kila aina peke yake, kwa sababu mukeke wanaweza kuongezeka huku ndagala wakibaki palepale au wakipungua. Anayepima jumla ya kilo tu hatauona mgeuko huo.

Kanuni nyingine inayotawala ofisi za uvuvi ni ya Milner Schaefer, aliyeitunga mwaka 1954. Kwayo, samaki huzaliana upesi zaidi wakiwa nusu ya idadi ambayo maji yangeweza kuibeba, na hapo ndipo mavuno makubwa yanayodumu hupatikana. Ni kanuni nzuri na ya hatari. Uwezo wa maji kubeba samaki huchukuliwa kuwa thabiti, na Tanganyika si thabiti. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature hoja kwamba ongezeko la joto limeimarisha utengano wa matabaka, na walikadiria uzalishaji wa ziwa kushuka kwa asilimia 20 hivi na samaki kwa asilimia 30 hivi. Jouko Sarvala na wenzake wakajibu mwaka 2006 kwamba takwimu za mvuno zinaeleza zaidi mabadiliko ya namna ya kuvua kuliko hali ya hewa. Ubishani huo hauwezi kumalizwa kwa kutazama ziwa tu. Ni wa takwimu: kama sababu mbili zimebadilika kwa wakati mmoja, ni sehemu gani ya matokeo inayostahili kuhesabiwa kwa kila moja? Ni ndugu wa swali la mwezi na wimbi, na dawa yake ni ile ile, rekodi ndefu.

Kisa kizuri kuliko vyote ambacho ziwa hili limeipa hisabati ni cha samaki mdogo. Perissodus microlepis huishi kwa kunyofoa magamba ya samaki wengine. Mdomo wake umepinda, wa baadhi kulia, wa wengine kushoto, na kila mmoja hushambulia windo kutoka upande unaofaa mpindo wake. Mjapani Michio Hori aliwafuatilia samaki hawa kwa zaidi ya miaka kumi na kuchapisha matokeo katika jarida la Science mwaka 1993. Idadi ya wenye mdomo wa kulia na wa kushoto iliyumba karibu na nusu kwa nusu, bila upande mmoja kuushinda mwingine.

Sababu inaeleweka kwa hoja fupi. Upande mmoja wakizidi, windo hujifunza kulinda ubavu unaoshambuliwa zaidi. Hapo wachache wa upande wa pili hula vizuri, huzaa zaidi, na kizazi kinachofuata huwa na wengi wao. Kisha mambo hugeuka. Nusu ndicho kiwango pekee ambapo hakuna anayefaidika kwa kuwa tofauti, na kwa kuwa kizazi kipya huchelewa kufika, idadi hupitiliza kiwango hicho kwenda na kurudi. R. A. Fisher alitumia hoja ya namna hiyo mwaka 1930 kueleza kwa nini madume na majike huwa karibu sawa. John Nash alithibitisha mwaka 1950 kwamba kila mchezo wenye wachezaji na mbinu zenye kikomo una angalau hali moja ya mizani ambayo hakuna mchezaji anayefaidika kwa kuiacha peke yake. Nash alifikiria michezo na uchumi, Fisher alifikiria urithi. Mfano safi wa kuyaunganisha yote mawili ulikuwa ukiogelea Tanganyika.

Rangi za samaki wa miambani nazo zimo katika mjadala. Ziwa lina jamii zaidi ya mia mbili za samaki wa ukoo wa perege, nyingi hazipatikani popote pengine duniani, na mistari na madoa yao hutofautiana kutoka mwamba hadi mwamba. Mwaka 1952 Alan Turing aliandika kwamba kemikali mbili zinazosambaa kwa kasi tofauti na kuathiriana zinaweza kujipanga zenyewe kuwa mistari au madoa, hata zikianza zikiwa zimechanganyika sawasawa. Mwaka 1995 Shigeru Kondo na Rihito Asai walionyesha kuwa mistari ya samaki mmoja wa baharini husogea anapokua kama milinganyo hiyo inavyotabiri. Milinganyo ya jamii hii, yenye mmenyuko ndani yake, ilikuwa pia kazi ya uzamivu ya Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, aliyeifanyia Berlin na kuwa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata shahada ya uzamivu ya hisabati. Alifundisha Dar es Salaam na baadaye Rwanda. Yeye alishughulikia mtiririko ndani ya bomba, si ngozi ya samaki, lakini mwanafunzi aliyeisoma kazi yake angeweza kuvuka kwenda kwenye samaki bila kubadili lugha ya hisabati.

Upande wa nchi kavu hesabu ni fupi na kali. Mwishoni mwa Machi 2015, udongo na mawe vilishuka kwenye Gitaza, Muhuta, vikaua watu na kuikata barabara ya Rumonge. Charles-Augustin de Coulomb alichapisha mwaka 1776 kanuni ya msuguano wa udongo ambayo wahandisi huitumia hadi leo. Kwa mteremko mrefu wa udongo mkavu usio na mshikamano, usalama hupimwa kwa tanjenti ya pembe ya msuguano kugawanywa kwa tanjenti ya pembe ya mteremko. Udongo wenye pembe ya msuguano ya nyuzi 35 kwenye mteremko wa nyuzi 25 hutoa 1.5, ambayo ni salama. Maji yakijaa na kutiririka sambamba na mteremko, shinikizo la maji hupunguza msuguano na kipimo hushuka karibu nusu, hadi 0.75. Chini ya 1, mlima hutembea. Mizizi ya miti na udongo wa mfinyanzi huongeza mshikamano, kwa hiyo hesabu halisi ni ngumu zaidi. Hata hivyo mgawanyo huo mmoja unaeleza kwa nini mteremko uliotulia maisha ya mtu mzima unaweza kushuka usiku mmoja wa mvua.

Kimo cha maji ya ziwa pia hubadilika. Mapema mwaka 2024 maji yalipanda hadi karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, yakikaribia kiwango cha mwaka 1964, na nyumba za Rumonge na Gatumba zikafurika. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba 32,900, hivyo kila mita inayopanda ni takriban kilomita 33 za ujazo wa maji. Maji mengi huondoka kwa kuvukizwa na jua, na sehemu ndogo tu kwa Mto Lukuga, Kongo. Kwa sababu hiyo ziwa huitikia mvua polepole na hukawia kushuka.

Sanaa ya Burundi imejengwa juu ya hesabu ya wakati. Mchezo wa ngoma ya kifalme, uliowekwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, hupangwa kwa makundi matatu. Amashakwe hushikilia pigo lisilokatika, ibishikizo hufuata, na inkiranya, iliyo katikati, huongoza. Mwenye kuongoza anaweza kwenda mbali kwa sababu wengine hawaendi. Kwa hisabati, midundo miwili inayojirudia kwa urefu tofauti hukutana tena kwenye kigawe kidogo cha shirika: mdundo wa mapigo 3 na wa mapigo 4 hukutana kila baada ya 12. Msikilizaji hungojea mkutano huo hata kama hajui kuuhesabu.

Mwaka 2005 Godfried Toussaint, aliyefundisha Montréal, alionyesha kitu kilichowashangaza wanamuziki na wanahisabati pia. Kutawanya mapigo kwa usawa kadiri inavyowezekana katika nafasi fulani hufanywa na mbinu ya Euclid ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika, iliyo na zaidi ya miaka 2,000. Mapigo 3 katika nafasi 8 hukaa kwa mianya ya 3, 3 na 2. Mapigo 7 katika nafasi 12 hutoa mpangilio unaopigwa kwa kengele katika muziki mwingi wa Afrika Magharibi, na mpangilio huo huo wa 2, 2, 1, 2, 2, 2, 1 ndio unaopanga sauti za kinanda katika skeli ya kawaida. Toussaint aliipata mbinu hiyo katika kazi ya Eric Bjorklund, mhandisi aliyekuwa akipanga mapigo ya mashine ya kutoa nyutroni huko Marekani. Ngoma, kinanda na mashine ya fizikia zilikuwa zikiuliza swali moja.

Mchezo wa bao umetoa hisabati ya kina zaidi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na jamaa zake, kama igisoro, huchezwa kote katika Maziwa Makuu. Njia za kupanga kete 64 katika mashimo 32 zinakaribia 1 ikifuatiwa na sifuri 25. Alexander de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa Zanzibar na kuchapisha matokeo mwaka 1995, alionyesha jinsi wanavyozifuata kwa kichwa hatua ndefu ambazo mgeni hupotea mwanzoni tu mwake.

Chukua sehemu moja ya mchezo huo ikiwa peke yake: duara la mashimo, hakuna kula, na kanuni moja. Kete zote za shimo zichotwe, zipandwe moja moja kwenye mashimo yanayofuata, kisha ichotwe tena pale ya mwisho ilipoangukia, na kuendelea hivyo. Je, mpangilio wa mwanzo utarudi? Utarudi, kwa hakika. Kila hatua inaweza kurudishwa nyuma kwa njia moja tu: anzia kwenye kete ya mwisho, okota moja moja ukirudi kinyume hadi ukute shimo tupu, na weka zote humo. Mpangilio ukihesabiwa pamoja na shimo linalofuata kuchotwa, idadi ya mipangilio ina kikomo, kwa hiyo mchezo ukiendelea lazima ukutane na mpangilio uliokwisha kupitiwa. Na kwa kuwa kila mpangilio una mtangulizi mmoja tu, wa kwanza kujirudia hauwezi kuwa mwingine ila ule wa mwanzo. Hoja hiyo fupi ni utafiti wa hisabati kamili: dai, sababu, na hakika isiyohitaji kuchezwa mara milioni. Henri Poincaré alitumia wazo la jamii hiyo hiyo mwaka 1890 alipochunguza mwendo wa sayari.

Mifano hii inaibua pia tatizo la ufundishaji, na upungufu wa kwanza ni wa lugha. Mwaka 2014 mtihani wa PASEC uliwapima wanafunzi wa shule za msingi katika nchi kumi za Afrika zinazotumia Kifaransa. Burundi iliongoza katika hisabati, mwanzoni na mwishoni mwa shule ya msingi. Ilikuwa pia nchi pekee kati ya hizo ambako watoto wa darasa la pili walipimwa kwa lugha ya taifa, Kirundi, ambayo ndiyo lugha ya kufundishia madarasa ya kwanza. Haingekuwa sahihi kudai lugha peke yake ilileta ushindi, lakini haiwezekani kuipuuza. Nchini Tanzania, ambako shule ya msingi hufundisha kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, hisabati kwa miaka mingi imekuwa somo lenye ufaulu mdogo kuliko mengine katika mtihani wa kidato cha nne. Burundi nayo huwahamisha watoto kwenda Kifaransa kabla hawajamaliza shule ya msingi, wakati ambapo hoja zinaanza kuwa ndefu na kuhitaji lugha iliyokomaa.

Upungufu wa pili ni wa mifano. Mwanafunzi wa Muhuta anaweza kumaliza trigonometria bila kuulizwa kwa nini taa za mitumbwi hutoweka mbali ziwani wakati hakuna ukungu. Umbali wa upeo wa macho ni kipeuo cha pili cha zao la kipenyo cha dunia na kimo cha jicho. Kwa jicho lililo mita 2 juu ya maji, ni kilomita 5. Taa iliyo mita 2 juu ya maji hutoweka ikifika kilomita 10. Akipanda kilima cha mita 100, upeo wake unafika karibu kilomita 36. Al-Biruni alitumia jometri ya jamii hii, yapata miaka 1,000 iliyopita, kupima ukubwa wa dunia kutoka mlimani. Somo hilo halihitaji vifaa. Linahitaji kilima, na Muhuta haikosi vilima.

Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanza mwaka 1964, kina historia yake ya utafiti. Juma Shabani, aliyefundisha hisabati huko, alichapisha mwaka 1987 pamoja na Jean-Pierre Antoine na Friedrich Gesztesy uchambuzi wa milinganyo ya fizikia ya kwanta inayotatulika kikamilifu, ambapo nguvu hutenda juu ya uso wa tufe tu. Kazi hiyo haina ziwa wala samaki, na haina haja ya kuwa navyo. Nchi inayodai kila mwanahisabati ahesabu ndagala itapata wahesabu ndagala wabovu, kwa sababu zana za kuhesabia hutoka kwa watu walioachwa wafikiri juu ya zana. Kikanda, mpango wa hisabati wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2002 kwa msaada wa Sweden, na tawi la AIMS lililofunguliwa Kigali mwaka 2016, vimewapa vijana mahali pa kusomea shahada za juu bila kuvuka bahari.

Kilichobaki nyuma ni kiungo kati ya vyuo hivyo na maji. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, inayounganisha Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, ina makao yake Bujumbura, na ng'ambo yake, Uvira, kipo kituo cha utafiti wa maji cha Kongo. Joto la matabaka, upepo, kina cha maji, mvuno wa ndagala na wa mukeke kila moja peke yake, na siku ya mwezi: vipimo hivyo vichache, vikichukuliwa kila siku bila kukatika kwa miaka kadhaa na kuwekwa wazi kwa walimu na wanafunzi wa nchi zote nne, vingesaidia kuamua kati ya O'Reilly na Sarvala, kuijaribu hoja ya Volterra wakati wa kufunga uvuvi, na kulipa darasa la takwimu la Rumonge tatizo ambalo hakuna kitabu chenye jibu lake.